Digrii Arobaini na Tano

Katika karakana ya fuwele ya chuo kikuu, mjini São Carlos, Jandira Bortoletto alikuwa na sheria mbili, na zote alizisimamia bila kumwonea mtu haya. Ya kwanza, kahawa haiingii ndani. Ya pili, hakuna kupumulia kazi. Profesa mmoja mgeni aliwahi kuinama juu ya meza yake akaguta "Aaah!" kwa kustaajabu, na ile "aaah" yake ikaacha ukungu juu ya uso uliokuwa umeng'arishwa kwa siku nne. Alitolewa nje kwa kiwiko.

Haki alikuwa nayo. Fuwele zake zilikuwa za chumvi; si chumvi ya kula, lakini chumvi vilevile. Hukuzwa majini kwa miezi, maji yakipozwa kidogo kidogo kila siku, na zikishatoka humo, tone la maji hayohayo huziharibu. Ukizishika kwa kiganja chenye joto hupasuka. Wala hazikatwi kwa msumeno wa chuma. Hukatwa kwa uzi uliolowa, unaozunguka kwenye magurudumu mawili na kuyeyusha njia yake taratibu, kutwa nzima kwa mkato mmoja.

Alianza kazi hiyo akiwa na miaka ishirini na saba, akitokea kiwanda cha penseli. Kwao walidhani amechukuliwa kufagia, na mama yake alikufa akidhani hivyo, maana Jandira alichoka kumweleza. Fizikia hakuisomea. Wiki ya kwanza Profesa Queiroga, ambaye wakati huo bado alikuwa na nywele, alimweleza kwa maneno machache.

"Leza yetu inatoa mwanga ambao jicho haliuoni," alimwambia. "Ukipita kwenye fuwele iliyokatwa sawasawa, punje mbili za mwanga zinaungana zinakuwa moja, na unatoka wa kijani. Ikikatwa vibaya, unatoka vilevile ulivyoingia."

"Na nani atajua kama imekatwa sawasawa?"

"Wewe."

Jibu hilo lilimtosha kwa miaka thelathini na minne. Alimzika mume, akalea mabinti wawili, akapata miwani na maumivu ya mgongo, na hakuna fuwele hata moja iliyorudishwa mezani kwake. Vijana wa maabara walikuwa wakisema leza inaweza kukosea, kompyuta inaweza kukosea, hata Profesa, tena yeye sana, lakini si Dona Jandira, kama walivyomwita kwa heshima. Yeye aliwaambia waache upuuzi, na alipenda sana kusikia.

Januari ya mwaka wake wa mwisho, Raíssa Vilanova alimletea mchoro. Binti huyu alitoka Piauí, jimbo maskini la mbali kaskazini, na alikuwa akimalizia shahada yake ya uzamivu. Fuwele yake ilikuwa imekua miezi mitano, na ufadhili wake ulikuwa unakwisha Machi. Hakukuwa na nafasi ya kukuza nyingine.

Kwenye mchoro kulikuwa na namba mbili. Ya kwanza, arobaini na moja, ilieleza fuwele ilazwe kiasi gani kabla ya kukatwa. Ya pili, arobaini na tano, ilieleza izungushwe kiasi gani kutoka kwenye ubavu wake wa asili. Jandira aliisoma ya kwanza mara tatu, kama kawaida yake. Ya pili hakuiangalia. Katika maabara ile walikuwa wakitumia mkato wa aina moja tu miaka yote, na kwa mkato ule namba ya pili ilikuwa sifuri siku zote. Mkono wake ulichora alama ya penseli sambamba na ubavu, akafunga uzi, akakata. Kisha aling'arisha kwa siku sita, mvua ikinyesha kila alasiri na mashine ya kukausha hewa ikinguruma, na kazi ikatoka safi kiasi kwamba fuwele yenyewe ilikuwa vigumu kuiona.

Kijani hakikutoka.

Raíssa alipanga upya vioo. Akapima upya leza. Fuwele ikapimwa ulalo wake, ukawa arobaini na moja kamili. Hakuna aliyesema kwamba mkataji amekosea, kwa hiyo aliyekosea alikuwa ni Raíssa. Otoniel, mwanafunzi aliyekuwa na meza ya jirani, hakumwachia nafasi ya kupumua.

"Raíssa, dada'angu, swichi umewasha?"

"Otoniel, niache."

"Nauliza tu. Pengine huko kwenu Piauí leza inawashwa kwa kibiriti."

Wengine walicheka. Jandira naye alicheka kidogo, kwa sababu kulikuwa na mkate wa jibini wa moto na kila mtu alikuwa na furaha yake.

Wiki tatu zilipita. Zikiwa zimebaki siku kumi na saba astaafu, Jandira alianza kusafisha droo zake, akakutana na kile kipande kilichobaki cha fuwele ya Raíssa kimefungwa kwenye flaneli. Alikigeuza chini ya taa. Ubavu wa asili na uso wa mkato vilikwenda sambamba, kama mlango na fremu yake. Akautafuta mchoro. Akaisoma namba ya pili.

Akakaa kwenye kigoda. Alichokisikia kwanza kilikuwa aibu, nayo ilikuwa aibu ya kujionea huruma mwenyewe, hilo alilikiri baadaye. Alifikiri juu ya keki ya kumuaga, ambayo tayari ilikuwa imeagizwa. Alifikiri pia kwamba kipande kile kingeweza kutupwa na asijue mtu. Kisha akavua glovu, akapanda ghorofani kwa Profesa.

"Fuwele ya Raíssa nimeikata vibaya mimi," alisema akiwa bado mlangoni. "Ulalo uko sawa. Sikuizungusha."

Profesa Queiroga aliiweka kalamu chini. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Niliipitisha kwenye eksirei siku ya tatu."

"Siku ya tatu! Leo ya ngapi, Profesa?"

"Kaa kwanza, Dona Jandira. Miaka thelathini na minne bila doa, na umebakiza siku kumi na saba. Uondoke na hilo? Nilisema acha uende zako kwa amani, halafu tumkuzie nyingine kimyakimya. Tungesema ile ilikuwa na kasoro ya ndani."

"Na yeye? Ufadhili unakwisha Machi."

"Bado kijana. Atapoa."

"Wali ndio unaopoa!" Sauti yake ilifika korido. "Mimi nilikuomba unionee huruma? Lini? Umenihifadhi mimi kwa mgongo wa mtoto wa watu!"

Ijumaa, kwenye mkutano wa maabara, alisimama kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Alieleza alichofanya, namba ipi hakuisoma na kwa nini. Hakulia wala hakujitetea. Profesa alitazama meza. Otoniel alikuwa na mkate mdomoni akasahau kuutafuna.

Kipande kilichobaki kilitosha kutoa fuwele moja ndogo, kubwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na hakikuruhusu kosa. Jandira alimwita Raíssa asimame mezani, amsomee namba zote mbili kwa sauti, mara tatu. Alikata kwa siku mbili. Aling'arisha kwa siku tano.

Alhamisi asubuhi walifunga mapazia. Raíssa aliiweka fuwele mahali pake, akaigeuza kwa skrubu, nywele kwa nywele, na kwenye karatasi nyeupe upande wa pili kikatokea kidoti cha kijani, kikali hata ikawabidi wavae miwani ya kinga ambayo wangepaswa kuwa wameivaa tangu mwanzo. Watu walipiga makofi. Otoniel aliomba radhi kwa sauti kubwa mno. Profesa alisema mwanga ni haba kidogo lakini unatosha tasnifu, kisha akaondoka upesi.

Walipobaki wawili, Jandira alianza kufungasha vitambaa vyake. Raíssa aliendelea kuandika vipimo, bila kugeuka.

"Dona Jandira."

"Nakusikia, binti."

"Wiki tatu nilikuwa nalia kule chooni. Kila siku, baada ya chakula cha mchana."

Jandira alikunja kitambaa kimoja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Najua," alisema. "Kinapakana na karakana. Nilikuwa nakusikia, nikajisemea, acha alie, atajifunza kuwa makini."