Misumari Saba ya Baba

Pasi ya mkaa ikipita juu ya kaki iliyonyunyiziwa maji hutoa harufu ya peke yake, nusu mvuke na nusu kuungua. Nikiisikia popote pale narudi Ujiji, kwenye baraza ya nyumba yetu, miaka ile michache baada ya Azimio la Arusha, wakati redio ya jirani ilikuwa haimalizi saa moja bila kutukumbusha kufanya kazi. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine ya mafuta ya cherehani, na upepo ukivuma kutoka ziwani ulituongezea ya dagaa walioanikwa mchangani. Baba yangu alikuwa fundi wa nguo. Mkono wake ulisifiwa hadi Ilagala, na ahadi zake zilijulikana mbali zaidi ya hapo. "Kesho baada ya alasiri," ndivyo alivyomjibu kila mteja, kwa upole na tabasamu, na mteja aliondoka ameridhika mpaka kesho yake baada ya alasiri. Bwana harusi mmoja wa Ilagala alikuja kwa mtumbwi mara tatu kufuata kanzu yake, mwishowe akaoa amevaa ya kaka yake, ndefu hata watoto wakawa wanaikanyaga. Aliporudi hakugomba. Alikaa kwenye benchi akasema, "Sasa fundi, jitahidi uimalize kabla sijaoa wa pili."

Mimi nilikuwa mtoto wa kuchunguza mambo, na jambo lililonishughulisha kuliko yote ni hili: Baba hakuwa mvivu. Alitoka msikitini alfajiri akakaa moja kwa moja kwenye cherehani, na miguu yake haikutulia mpaka jua linazama. Kwa nini basi kazi haziishi? Wakati wa likizo nilijikunja pembeni ya baraza, najifanya natoa uzi wa vifungo, kumbe namwangalia. Niligundua kwamba Baba alimshonea aliyepiga kelele mwisho. Akija mama wa gauni, aliacha suruali ya mzee wa watu ikiwa na mguu mmoja. Mzee akija kuidai, gauni liliachwa bila mkono. Waliokuwa na adabu ndio walioumia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwenye baraza yetu waliongojea kimya ndio walioumwa zaidi.

Dawa niliipata shuleni. Nilikuwa darasa la saba, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, mwalimu alinipa kazi ya kuandika orodha ya zamu: nani afagie, nani achote maji, nani apalilie shamba la shule, siku gani. Nilishangaa jinsi karatasi moja ukutani ilivyomaliza ugomvi wa wiki nzima. Nikaenda nyumbani nikamwandikia Baba ya kwake. Aliitazama kwa heshima, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa ukicheza. Kurani aliisoma vizuri kwa herufi zake, lakini herufi za shule alikuwa bado anahangaika nazo katika darasa la watu wazima, na darasa lenyewe alilihudhuria kama alivyoshona kanzu ya harusi.

Niliona haya kwa kutofikiri, na haya ile ndiyo iliyonipa akili. Nilichukua ubao wa sanduku la sabuni, nikapigilia misumari saba kwa mstari, Jumamosi mpaka Ijumaa. Sheria ilikuwa moja: kila nguo inayoingia, kata kipande chake kidogo, kitie kwenye msumari wa siku ambayo nguo itatoka. Msumari mmoja usizidi vipande vitatu, na wa Ijumaa usizidi kimoja. Kazi ikiisha, kipande kinaingia kwenye kopo. Baba alicheka. Lakini vitambaa alikuwa anavisoma kuliko mimi nilivyosoma vitabu. Akigusa kipande tu alijua ni cha nani na kimebaki nini. Siku chache baadaye nilimsikia akimwambia mteja maneno ambayo baraza ile haikuwahi kuyasikia: "Jumatatu imejaa, mama. Njoo Jumanne." Na Jumanne gauni lilikuwa limepigwa pasi, linangoja. Watu walikuja kuuangalia ubao. Mama Sada, jirani yetu aliyekausha migebuka kwa moshi, ambaye babu yake alitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, alisimama mbele ya ubao ameshika kiuno. "Kumbe siku nazo zinatundikwa kama samaki," alisema. "Angalia zisikuozee, fundi."

Kisha ikaja barua yangu. Nilikuwa nimechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana, Tabora. Ndani ya bahasha mlikuwa na orodha ya vitu: shuka mbili, ndoo, jembe, blauzi nyeupe, sketi ya buluu ya marinda. Chini yake waliandika kwamba atakayefika amechelewa au bila sare, nafasi yake atapewa mwingine, na wengine walikuwa wengi. Mama alihangaikia vyote, hata jembe akalifunga kwa gunia. Ilibaki sketi tu. Kitambaa kilikuwapo, na fundi alikuwa ndani ya nyumba. Baba alikata kipande cha buluu akakitia kwenye msumari wa Jumamosi, nami nikalala na furaha.

Jumamosi jioni kilikuwa kimehamia Jumapili. Jumapili kikahamia Jumatatu. Nguo za watu zote zilitoka siku zake. Wateja walimshukuru hadi akaona aibu. Kipande changu peke yake kilitembea ubao mzima, kikafika Ijumaa, kikaanza tena. Watu husema mfinyanzi hulia gaeni, na mwanzoni nilidhani ni hilo tu, kwamba sisi wa nyumbani tunavumilika. Lakini sikuridhika. Mtu aliyekwisha acha kuahirisha vitu vyote, anawezaje kuahirisha kimoja? Nilimuuliza Mama. Alikuwa anachekecha unga, na hakuinua macho. "Muulize mwenyewe," alisema. "Mimi nimemuuliza mpaka nimechoka." Nilikuwa nimeanza kuogopa. Usiku niliwaza msichana mwingine, simjui jina, akiingia kwenye kitanda changu Tabora.

Jumapili ya pili asubuhi, zimebaki siku tatu treni yangu iondoke Kigoma, nilikichomoa kipande kutoka msumarini nikakiinua juani. Baba hakuwa na tabia ya kutafuta tundu la zamani. Alikisukuma tu msumarini popote. Jua likapenya kama kwenye chekecheo la Mama. Nilihesabu, nikahesabu tena, kisha nikampelekea. "Baba, kina matundu tisa."

Alisimamisha cherehani. Alikishika kipande karibu na jicho, kama anavyofanya akitaka kutunga sindano. "Nguo za watu zinatoka hapa zinarudi," alisema. "Zinachanika, zinabana, zinaletwa. Hii ikitoka, inatoka na wewe, mwanangu." Sikuwahi kumsikia Baba akisema jambo kama hilo. Nilitaka kulia, na nilitaka kwenda. Vyote viwili kwa nguvu ileile. Nikasema nilichokijua. "Treni ni Jumatano, Baba."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo fundi yule hakuwahi kulifanya: alinituma kwa wateja wa Jumapili na Jumatatu kuwaomba radhi kabla hawajaja kufuata nguo zao. Mama Sada, mmoja wao, alicheka. "Babu yangu alivuka ziwa lote hili kwa kasia," alisema. "Mimi siku mbili zitanishinda? Mwambie ashone." Niliporudi Baba alikuwa ameshakata. Hakuinuka ila kwa sala na chakula, na Jumatatu alasiri marinda yalikuwa yamelazwa chini ya pasi, harufu ile imejaa baraza. Aliponivalisha niliona upindo wa chini mnene ajabu. Baba alipiga magoti, akaupima kwa vidole vyake vinne. "Miaka minne, vidole vinne," alisema. "Kila likizo ya mwisho wa mwaka njoo nikushushie kimoja. Usimpe fundi mwingine." Ndipo nilipoelewa kwamba na yeye alikuwa amejipangia ratiba, na kwamba ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Alikishusha kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne alikishusha macho yamepungua nguvu, mimi nikimtungia sindano. Hakukosa mwaka hata mmoja, wala mimi sikukosa.

Sasa Baba ni marehemu, nami nimestaafu, naishi Dodoma. Orodha zangu zimo kwenye simu, mjukuu wangu amenipangia kwa rangi. Inalia, naigusa kwa kidole gumba, jambo linahamia kesho bila kinyongo. Kuna jambo moja humo linaloitwa "Kwenda Ujiji kwa Mama." Mama amezeeka sana, na bado anauliza kwa sauti ileile ya kuchekecha unga nitafika lini. Juzi nilitaka kujua nimeliahirisha mara ngapi, nikatafuta kote. Simu haijui. Haiachi tundu.

Kipande cha buluu ninacho, ndani ya Kurani ya Baba. Jana nilikitoa, nikaomba nyundo kwa jirani, nikapigilia msumari mmoja nyuma ya mlango wangu. Nilikisukuma taratibu, nikitafuta mahali palipobaki pazima. Sasa kina matundu kumi, na tiketi ya treni ninayo, ya Jumanne.