Pikapu ya Marehemu Baba

Mtaani walimwita Fundi Geti, maana mageti ndiyo yaliyomweka mjini. Aliyachomelea uani kwake, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kwamba bawaba imeachia. Mabomba marefu kutoka dukani, mageti kwenda kwa wateja, vyote vilibebwa na pikapu aliyoiacha marehemu baba yao. Kadi ya gari ilikuwa na jina la kaka yake, lakini baba akiwa kitandani aliwaambia wote wawili, mama akisikia: "Gari hili mle pamoja."

Basi asubuhi moja kaka mtu akaingia uani na pikapu kinyumenyume, akashuka anatabasamu.

"Mdogo wangu, nipunguzie huyu mnyama. Bodi refu mno, kila kona mkia unagonga. Toa kama mita moja hivi nyuma."

Geti akacheka. "Tukitoa mita nzima, kaka, mabomba yangu niyabebe kichwani?"

"Tutafunga keria juu. Kwani mimi nitakuacha? We kata tu."

Neno la kaka ni neno la kaka. Geti akachomoa waya wa betri, akafungua taa za nyuma, akapiga mstari wa chaki nyuma ya ekseli. Grenda ilipogusa bati, cheche ziliruka hadi ukutani. Rangi ya bluu ikababuka, na chini yake ikachungulia ile ya kijani ambayo baba aliipaka kwa brashi, mwenyewe, huku akiimba ovyo. Akaizima grenda, akaipangusa ile rangi kwa kidole. Akajikaza, akaendelea, mpaka mkia ukadondoka mchangani kwa kishindo.

Mchana shemeji yake, mke wa kaka, akamletea chakula, uso umechanua.

"Mungu akuzidishie, shemeji. Yule tajiri wa mitungi ya gesi alisema bila gari fupi la kupita vichochoroni hampi mtu kazi. Sasa mambo yamenyooka. Gari litakuwa linalala hukohuko bohari kwake."

"Litalala huko?"

"Kwani kaka yako hakukwambia?" Shemeji akaziba mdomo, lakini neno lilikwisha kutoka.

Sahani aliiweka kando. Geti alikaa juu ya ule mkia uliokatwa, akitazama chasisi iliyobaki wazi. Amejikata mwenyewe, tena kwa grenda yake na umeme wake! Shetani hakuchelewa kumnong'oneza: ukirudisha mlango wa nyuma palipokatwa, chomelea juujuu tu, paka rangi, kimya. Siku moja mlango utaachia na mitungi itamwagika barabarani, mwenye nayo ajue. Akawaza wanaotembea nyuma ya magari, akaona aibu. Akashusha kinyago, akachomelea kila kiungo ndani na nje, akasaga mpaka kiganja hakikuhisi palipokatwa.

Jioni kaka akaja, akapapasa. "Utadhani limetoka kiwandani! We fundi, bwana."

"Bohari la gesi liko upande gani, kaka?"

Kaka akainama kutazama matairi ambayo hayakuwa na neno. "Ningekwambia. Ila nilijua ukijua mapema, hutakata."

"Kweli. Nisingekata."

"Nina watoto, mdogo wangu."

"Na mimi nimezaa mageti?"

Kaka akafungua mlango wa dereva. Alipanda, akawasha gari, kisha akatoa kichwa dirishani: "Hicho kipande baki nacho. Kauze chuma chakavu."

Baada ya hapo mabomba yalikuja kwa mkokoteni, na mageti yakaenda kwa mkokoteni, yakafika yamechelewa na yamechubuka. Wateja wakahamia kwingine mmoja mmoja. Geti akaenda kwa mama yao kushtaki. Alimkuta mbele ya jiko jipya la gesi, mtungi umeletwa na mwanawe mkubwa.

"Yule ni mkubwa wako," mama akasema. "Mezea tu, mwanangu."

"Lakini mama, wewe ulisikia. Baba alisema nini?"

Mama akapunguza moto. "Baba yako alisema mengi. Alikuwa na homa."

Geti akaaga bila kuketi. Siku hizi ameajiriwa kwenye karakana ya mtu, barabara kuu, anachomelea mageti yasiyo yake. Pikapu fupi ikipita na kumpigia honi, hushusha kinyago usoni, hata kama mashine haijawashwa.