Samaki wa Baba na Vijiwe vya Bibi

Jumamosi iliyopita nilimfokea mtu sokoni Lewisham, na mpaka sasa naona haya. Nilikuwa nimechagua trauti mmoja mnene, macho maangavu, nikamwambia muuza samaki anifungie vivyo hivyo. Yeye kwa mazoea yake akamlaza ubaoni, akampasua, na kabla sijafungua mdomo matumbo yalishaingia kwenye ndoo. Basi nikapandisha sauti. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alinivuta mkono akaniambia watu wanatutazama. Muuzaji maskini alisimama na kisu chake, hajui kosa lake ni lipi. Ningemweleza vipi? Ningelazimika kumkalisha kitako nimsimulie habari ya ziwa, na yeye ana foleni. Wewe una nafasi. Kaa nikusimulie.

Miaka ya sabini tulikaa Tottenham, ghorofa ya tatu, katika majumba ya kaunsili, yaani ya halmashauri ya mji. Tulikuwa baba, mama na mimi. Baba alikuwa mtu wa afisi kule Unguja. Baada ya mapinduzi aliondoka na nguo alizovaa, na tangu siku hiyo hakuketi. Nasema hakuketi kweli, si maneno ya kupamba. Alikula kasimama. Chai aliinywea dirishani. Gari likisimama chini, yeye keshafika kwenye pazia kutazama ni nani. Sanduku lilikaa nyuma ya mlango limefungwa, na mama akitaka sweta la baba alilifungua, akatoa sweta, akalifunga tena. Tulishahama mara tatu kabla sijatimiza miaka tisa, na kila mara sababu ilikuwa moja, kwamba ile nyumba haikumkaa moyoni. Mimi nimerithi ugonjwa huo, ndiyo maana unaniona nazungukazunguka hata katika kusimulia.

Nilipokuwa na miaka kumi bibi akatufikia, mama yake baba. Ruhusa ya kutoka aliipata kwa taabu. Alikuja na kanga zake, tasbihi, na mbuzi ya kukunia nazi aliyoipakata ndani ya ndege njia nzima. Mama alimwuliza huku atakuna nini, naye akajibu kwamba mtu haendi kwa mwanawe mikono mitupu.

Wiki ya kwanza ilikuwa furaha tupu. Ya pili tukagundua kwamba bibi hali. Nyama hakuiamini, maana wachinjaji wa Kiislamu enzi hizo ulikuwa uwatafute kwa tochi. Kuku hali kadhalika. Tegemeo letu likawa samaki, tukamletea wa dukani, aliyelala juu ya barafu. Bibi alimbonyeza jicho kwa kidole gumba, akamtazama, akamfunga tena kwenye karatasi yake. Alisema samaki huyu kafa siku nyingi na hakuna anayemjua. Kijijini kwao alikula samaki aliyevuliwa na kaka, na shemeji, na mume wa jirani. Kila samaki alikuwa na mtu wake. Asiye na mtu, kwake yeye, ni mzoga.

Basi ikawa mkate wa boflo na chai ya rangi, asubuhi na jioni, miezi miwili. Kanga iliyokuwa ikimzunguka mara moja ikaanza kumzunguka mara mbili. Daktari akasema wazi kwamba bibi kizee huyu asipokula hauvuki msimu wa baridi. Mama alilia jikoni. Baba yeye alitembea, mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Jirani huyo alikuwa mzee wa Kiingereza, mstaafu wa reli, na jioni ile alipanda ngazi kuja kulalamika. Mama akamkaribisha chai na sambusa. Kufika sambusa ya tatu alikuwa keshasahau alichopandia. Alipomwona bibi na kuelezwa habari yake, akasema jambo ambalo baba alilishika kama amri: huko Wales, milimani, kuna ziwa lenye trauti, na yeye ana fimbo mbili za kuvulia zinazoota vumbi. Baba alimgeukia bibi pale pale akamwuliza, akimvua samaki yeye mwenyewe kwa mkono wake, atakula? Bibi akasema, "Ukinivulia wewe, nitakula."

Sasa lazima uelewe. Baba yangu alipelekwa mjini kusoma angali mdogo. Samaki alimjua sokoni na alimjua sahanini. Kilichopita hapo katikati kilikuwa kazi ya watu wengine.

Tukaenda mwezi wa nane, katika gari letu lililokohoa njia nzima, sufuria miguuni, na kipande cha tui gumu kutoka duka la Muhindi kimefungwa kwenye taulo. Ziwa lilikuwa jeusi, limekaa ndani ya milima kama uji katika bakuli, na kondoo kwenye miteremko. Mwezi wa nane, na bado tulivaa makoti. Bibi aliteremka, akachovya kidole majini, akakionja. Akasema hayana chumvi, kwa sauti ya mtu aliyepunjwa, na akataka kujua samaki wa humu anaipata wapi ladha.

Baba alitangaza kwamba mvumilivu hula mbivu, akatupa ndoana. Baada ya dakika tano akahamia jiwe jingine. Baada ya tano nyingine akavuka hadi ng'ambo ya kijito. Kila gari lililopita barabarani aligeuka, na kila alipogeuka mshipi ulinasa kwenye majani. Alifanya hivyo siku nzima, na siku ya pili mpaka alasiri. Bibi alikaa juu ya kreti, blanketi juu ya kanga, anamtazama. Chai yake ilipoa mkononi. Jioni ile ilikuwa turudi nyumbani, na mimi niliogopa, maana nilikuwa na umri wa kuelewa aliyosema daktari.

Ndipo baba akasema anakwenda kunyoosha miguu, akanishika mkono. Tulipanda njia ya kondoo mpaka nyuma ya kilima, na huko palikuwa na shamba lenye mabwawa, na kibao kinachosema trauti wanauzwa. Baba hakunitazama usoni. Alizungumza na mama mwenye shamba mlangoni, kisha gari likasikika bondeni na baba akatoka mbio kulitazama. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwona yule mama akimpasua samaki, akamtoa matumbo, akamwosha, akamfunga kwenye gazeti. Nilijua pale pale kwamba pana tatizo. Lakini nilikuwa mtoto, na baba alikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona, uso wa mtu anayeomba.

Njiani alimfungua, akamlowesha kijitoni, akamtia ndoana mdomoni. Mpasuo ulikuwa mwembamba na umejifunga, na yeye hakuwa mtu wa kumtazama samaki tumboni. Akaniambia, "Huyu tumemvua, umesikia?" Nikasema nimesikia.

Bibi alipomwona anakuja na samaki ananing'inia, alisimama. Peke yake, bila mkono wa mtu. Alimpokea kwa mikono miwili, akamtazama macho, akasema mashaallah, na akaomba kisu. Mama alitaka kumpokea kazi, akakatazwa. Bibi alishuka hadi ukingoni mwa maji, akachuchumaa akiwapa wenzetu mgongo, mimi nikamfuata na bakuli.

Nikamwona akiingiza kidole tumboni. Kidole kilisimama. Tumbo lilikuwa tupu, safi, limeoshwa. Bibi aliinua kichwa akanitazama, nami nikatazama chini. Baba alikuwa nyuma yetu kwenye majani, anatembea huku na huku, anasubiri.

Basi bibi akaanza kazi. Alimkwangua samaki magamba, akilalamika kwa sauti kwamba ni madogo kama ya dagaa. Akampitisha kisu tumboni, taratibu, kama anayefungua upya. Kisha akaokota kijiwe pembeni mwa mguu wake, akakitupa majini. Chubwi. Akaokota cha pili. Chubwi.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," aliniambia chini chini. "Na kata ni wewe."

Akageuka akapaza sauti kumwambia mwanawe kwamba samaki wake alikuwa na matumbo mengi, kala vizuri huyu. Baba akacheka. Sikumbuki kama nilishawahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile. Samaki akachomwa, akapakwa tui na ndimu na pilipili, na bibi akamla mpaka akanyonya mifupa ya kichwa. Akasema mwanangu kanivulia, njaa ya nchi hii nimeshaivunja. Tangu wiki ile alikula chochote mama alichopika, hata samaki wa barafu, mradi baba ndiye kamleta.

Tukawa tunakwenda kila kiangazi, na mchezo ule ule ukawa unarudi. Baba hanasi kitu, baba ananyoosha miguu, baba anarudi na samaki. Lo, kufika mwaka wa tatu bibi alikuwa akiteremka garini anaokota vijiwe moja kwa moja na kuvifunga kwenye pindo la kanga, asije akakosa vya kutupa. Mimi nilikaa baina yao na siri mbili, ya huyu na ya yule, na kila mwaka zilinichoma zaidi.

Bibi alifariki nikiwa na miaka kumi na sita. Kiangazi kilichofuata mama hakutaka kwenda, tukaenda wawili. Na siku hiyo, bila sababu, katika dakika zile zile tano za jiwe la kwanza, fimbo ikapinda. Baba alimvuta trauti mzima, anayerukaruka, akabaki amemshika kifuani na koti limelowa, hana wa kumpelekea.

Aliomba kisu. Nilitaka kumsaidia, akakataa, akasema leo atafanya mwenyewe. Akapasua. Yakamwagika yote, ini na utumbo na kifuko cheupe cha hewa, damu mpaka kwenye kifundo cha mkono. Baba alishtuka, akayakusanya kwa viganja, akayatupa ziwani. Hayakulia chubwi. Yalitua kimya, yakaelea, na upepo ukayasukuma yakarudi miguuni pake.

Alisimama akiyatazama. Niliona jinsi jambo linavyompambazukia, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka.

"Bibi yako," alisema bila kugeuka, "siku zile alikuwa akitupa nini majini?"

"Matumbo, Baba. Nilimwona kwa macho yangu."

Akageuka sasa. Mikono ilikuwa imeloa damu. "Bibi yako kakulea," akasema, na akaketi. Aliketi chini, kwenye majani yenye unyevu, mgongo kaupa barabara. Magari mawili yalipita na hakugeuka. Samaki mwenyewe alikuwa na ladha ya matope, tukamla hivyo hivyo.

Majumba yetu ya Tottenham yalibomolewa. Jirani wa reli alikwenda zake zamani, na ziwa lile, naambiwa, sasa lina geti na mkahawa. Baba amelala makaburini huku huku, safu moja na mama yake. Hayo nimeyazoea. Nisilolizoea ni jibu nililompa. Nilidhani namsitiri. Mara moja tu maishani baba aliniuliza habari za mama yake, na ukweli ulikuwa kwamba mwanamke mwenye njaa ya miezi miwili alichuchumaa kando ya maji baridi, akatupa mawe, ili mwanawe asione haya. Hakuna mtu aliyewahi kumpenda baba yangu namna ile. Habari hiyo nilikuwa nayo mimi peke yangu, na nikamnyima.