Kasoro za Gemu Yetu ya Ijumaa

Nianze na ukweli: gemu ile haikuwa nzuri kiasi alichokuwa akiisifu marehemu mume wangu. Ilikuwa gemu ya kaseti, ya mashine ya zamani ambayo watoto wa mtaani kwetu Mabawa wakiiona huuliza kama ni redio. Alikuja nayo kwenye ndoa ndani ya boksi la sabuni, pamoja na TV ya chogo na jozi mbili za viatu. Nilipomuuliza mali nyingine iko wapi, akasema mali nyingine ndiyo hiyo inayouliza maswali. Nilikuwa bibi harusi, nikacheka.

Maandishi yake yote yalikuwa ya Kijapani. Hatukujua hata herufi moja, kwa hiyo hadithi tuliitunga wenyewe: kijana anavuka visiwa kumtafuta mkewe aliyefichwa na mfalme mwenye pembe. Huenda hakuwa mkewe. Huenda alikuwa dada yake, au hakuna aliyepotea kabisa. Sisi tulishaamua.

Ubaya wa gemu hiyo ni kwamba haikujua inataka kuwa gemu ya namna gani. Unaanza kwa kuzunguka mjini ukiongea na watu. Mara unalima: unapanda mbegu, unangoja, unakula tunda likuongezee nguvu. Kisha unaingia jumba la mawe, ambalo ni mafumbo matupu, unasukuma mawe na kupanga taa kwa hesabu mpaka mlango ufunguke. Ukitoka hapo unapanda chombo na kupiga mashetani wanaoruka. Mwisho kabisa ni panga, ana kwa ana na mfalme. Ni kama mtu aliyekupakulia wali, ugali na tambi sahani moja, na vyote havijaiva sawasawa. Kilimo kilichosha. Chombo kilikuwa kizito kugeuka, ukibonyeza sasa kinakata kona baadaye.

Lakini kwa sababu ilikuwa na kila kitu, kila mtu alipata pake. Mimi ni mwalimu wa hesabu, jumba la mawe lilikuwa langu. Yeye alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa mikono, vita vilikuwa vyake. Pedi ya kuchezea ilikuwa moja, tukipokezana. Sijaona gemu nyingine ambayo mtu na mkewe wanaweza kuicheza hivyo bila kushindana.

Kasoro kubwa ilikuwa huko mwisho. Mfalme akikushinda, unarudishwa mpaka mlangoni mwa jumba la mawe, na mafumbo yote yamepangwa upya. Nusu saa nzima ya kichwa changu inapotea. Nilikuwa nikisema aliyeitengeneza hana huruma.

Kila Ijumaa akitoka msikitini tunakula, anaunganisha nyaya, tunacheza mpaka alasiri. Na kila Ijumaa alishindwa na mfalme. Ananiwekea pedi mapajani, anasema, "Haya mwalimu, zamu yako," kisha anaegemea mto na kikombe chake cha chai ya tangawizi, ananitazama mimi badala ya TV. Nilidhani amechoka na wiki. Hatukujaliwa mtoto, na Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa shughuli ya nyumba yetu.

Mimi nina hasira za karibu, wanafunzi wangu wanajua. Ijumaa moja nilikuwa nimeshinda na mitihani ya kusahihisha, kichwa kinaniuma, nikapasua mafumbo yote, nikamkabidhi pedi, naye hata dakika tano hazikufika akawa chini. Nikalipuka.

"Miaka kumi na moja! Mtu mzima na ndevu zako unashindwa na katuni! Gemu mbovu, na mchezaji wake mbovu. Mimi basi tena."

Akasema, "Yaishe, mke wangu."

Hayakuisha. Ijumaa iliyofuata aliunganisha nyaya akaniita, nikamwambia nina madaftari. Iliyofuata vivyo hivyo. Nilikuwa na madaftari kweli, lakini nilikuwa pia na kiburi, na kiburi ndicho kilichokuwa kikijibu. Ijumaa ya sita aliketi mbele ya TV akiwa ameiwasha, hachezi, ule muziki wa mwanzo unajirudia na kujirudia, mpaka nikamwambia azime unanikera. Akazima. Ya saba haikufika. Alikwenda Mkwaja kutengeneza friza ya mfanyabiashara wa samaki, presha ikampandia hukohuko, akarudishwa Tanga nyuma ya pikapu.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila manukato, bila wanja, na wifi yangu, mdogo wake marehemu, akaja kutoka Pongwe kukaa nami. Siku moja akipanga kabati aliitoa ile mashine akaniuliza kama aiweke stoo. Nilimfokea hata nikajishangaa. Kisha nikamwambia aunganishe nyaya.

Nilikuwa na nia yangu. Nilitaka nimshinde yule mfalme kwa niaba yake. Sikuwa na namna nyingine ya kumwomba mume wangu radhi, nikaona hiyo ndiyo iliyobaki. Shangazi yake alipokuja kunijulia hali akanikuta na pedi mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaitazama TV, akasema, "Eda na michezo wapi na wapi, mwanangu?" Nikamwambia ni kazi aliyoiacha mwenyewe. Nadhani aliona nimeanza kuchanganyikiwa.

Kwa kuwa sikuwahi kupigana, nilijipa wiki mbili za kujifunza. Nilifanya mazoezi kwa mashetani madogo, nikalima matunda yote ya nguvu ambayo yeye hakuwa na subira nayo. Vidole vyangu ni vya chaki, vilinisumbua. Wifi alikaa mkekani akichambua mchele, haniingilii.

Siku nilipofika kwa mfalme, alinijia, nikajibanza kona ya kushoto kwa woga, nikabonyeza ovyo. Hakuweza kunifikia. Aliinua upanga, akaushusha mahali nisipokuwapo, akasimama kupumua, nikampiga. Akarudia vilevile. Nikampiga tena. Sijui kama dakika tatu zilifika, akaanguka.

Nikamwambia wifi, "Mbona rahisi? Kaka yako alikuwa akishindwa miaka yote."

Wifi akainua uso kutoka kwenye ungo. "Kaka? Ashindwe na huyu? Wifi, kaka kaimaliza hii gemu bado yuko sekondari, kule kwetu Pongwe. Tukimkalia mlangoni wote kumwangalia. Huyu mfalme alikuwa akimpiga huku kafumba macho, ati atuchekeshe."

Nilikuwa nimegeuka kumsikiliza. Nilipoirudia TV, mwisho wa gemu ulikuwa umeshapita na ule muziki wa mwanzo umeanza. Sikuuona, wala sikujali. Nilimwita mume wangu mwongo, kwa sauti, mara nyingi, mpaka jirani akaja mlangoni kuuliza kumetokea nini. Siku ya maziko sikulia kama nilivyolia siku hiyo. Wifi aliniminya mabega akidhani amekosea kuniambia.

Ijumaa iliyofuata niliwasha tena. Nikapasua mafumbo ya jumba la mawe peke yangu, nikavuka na chombo, nikafika kwa mfalme, na safari hii nikakusudia kushindwa. Nilitaka tu nijue alikuwa akifanyaje.

Si kazi rahisi. Mfalme yule ni dhaifu mno, ukisimama tu hakuui. Lazima umfuate, ujiweke chini ya upanga wake, na umrushie kapanga kako huku na huku ili anayekutazama asijue. Lazima ukwepe mara mbili tatu, upige kelele za kuumia, kisha upokee pigo jingine. Vidole vinataka kujiokoa vyenyewe na unavizuia. Mara mbili nilimuua mfalme kwa bahati mbaya. Hatimaye niliweza kufa.

Yeye aliifanya kazi hiyo kila Ijumaa kwa miaka kumi na moja, amekaa ubavuni kwangu, nikimcheka. Na zile Ijumaa sita za mwisho aliunganisha nyaya tayari kuifanya tena, nami nikamwambia nina madaftari.