Tipa ya Baba

Baba yangu aliendesha tipa ya idara ya barabara mpaka ugonjwa ulipomtoa kwenye usukani. Tukamzika nyumbani Mwika, mgombani, karibu na dirisha la jikoni. Tipa ikapewa dereva mwingine, ikaendelea kubeba moramu ya kujengea barabara, na kila jioni ikawa inapanda kwenda kulala kwenye kambi ya idara, juu ya kwetu. Kwenye kona iliyo chini ya nyumba hakuna dereva asiyepangua gia. Injini ilinguruma vilevile, ikakohoa vilevile, na mama akainuka kubandika maji ya kuoga ya baba, kama zamani.

Msidhani akili ilikuwa imemruka. Kaburi alilifagia mwenyewe kila asubuhi. Ila sauti ile ikifika konani alibandika maji, yakachemka, yakapoa, akaoshea vyombo. Nilipokuwa nyumbani nami niliisikia, mwili ukanisisimka, nikajikuta natazama geti. Niliogopa, sitaficha. Niliogopa zaidi kwamba siku moja lingefunguliwa.

Mimi niko idara hiyohiyo, mjini Moshi. Nilipewa kazi ya kupunguza matumizi ya nishati na gesijoto. Nikazima viyoyozi, nikaunganisha safari za Himo, nikakataza magari kunguruma bure huku dereva anakunywa chai. Madereva wakanipa jina, Bwana Zima. Niliwaacha wacheke. Mfereji wa shambani kwetu umekauka na mvua si ile tuliyokulia. Sina muda wa kubembeleza mtu.

Tulipopima magari, ile tipa ikashika mkia. Ilikunywa dizeli bila aibu na moshi wake ulikuwa mweusi tii. Nikapendekeza iondolewe barabarani. Mkono ulikuwa mzito, lakini ningependekeza nini kingine? Mama sikumwambia. Nilijidanganya kwamba hayo ni mambo ya ofisini.

Jioni ya kwanza bila tipa nilipanda nyumbani. Nikamwamkia mama, tukakaa kibarazani. Saa ya tipa ikafika, ikapita. Kimya cha pale konani kilinitisha kuliko ile sauti. Mama hakuinuka.

"Leo haijapita," alisema.

"Imeegeshwa, mama. Haitembei tena."

"Nani kasema isitembee?"

"Mimi."

Alikunja upindo wa kanga yake magotini, taratibu, bila kunitazama. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za dizeli, moshi na mvua.

"Sikulaumu kwa kazi yako," alisema. "Hata baba yako alikuwa akisema inakunywa mno. Lakini ungeniambia, mwanangu. Ningeshuka pale konani nikamuage."