Feni ya Volan ya Kuume

Mama alikuwa na pumu, na vumbi la kiangazi kati ya kwetu Kabambare na Kasongo humkaba hata mwenye mapafu mazima. Nilitaka kumpeleka hospitali Kasongo kwa gari langu kuukuu aina ya jipu, vioo vimefungwa. Lakini feni inayosukuma hewa ndani ya gari ilikuwa imeungua. Ukifunga vioo mnaiva, ukifungua mnameza barabara.

Nikapanda pikipiki kwenda Kasongo kutafuta feni ya okazio, iliyokwisha kutumika. Muuzaji, mzee wa kanzu na kofia, aliiunganisha na betri mbele yangu, ikavuma.

"Jionee mwenyewe, papa. Iko inapuliza muzuri."

Nikafurahi kama mjinga. Kwetu spea nyingi hutoka mashariki, kwenye magari ya usukani wa kuume, na jipu langu ni la kushoto. Kila mtu hapa anajua kwamba hilo ndilo swali la kwanza. Mimi, ninayejidai mtu wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa, sikuuliza.

Fundi wetu Kabambare aliitazama mara moja, akanirudishia.

"Hii ilitoka mu motoka ya volan ya kuume. Iko inazunguka kinyume. Ku yako haiwezi."

Mama alitusikia. Alikuwa ameketi kitandani ameinamia mto, maana kulala chali hakuweza tena.

"Twende tu hivi, mwanangu. Nitajifunika kitenge ku pua."

Nilimkatalia. Nilimjibu kwa ukali, na ukali huo naujutia mpaka leo, kwamba mimi sitamuua kwa vumbi. Nikarudi Kasongo.

Muuzaji alinibadilishia bila ugomvi, akamwombea mama afya. Nikiwa njiani kurudi nyumbani, kwenye eneo la Wamaza, mvua ya kwanza ikanyesha na tope likanishikilia siku mbili. Vumbi lote lilikuwa limelala, feni haikuhitajika tena, na bado niliikumbatia ndani ya nailoni isilowe.

Nilipofika nyumbani, wanawake walikuwa wameketi chini uani. Nilijua kabla sijashuka kwenye pikipiki. Dada yangu alikuja kunipokea mzigo, sauti imemkauka kwa kulia.

"Kila asubui alikuwa anauliza kama motoka imepona," akasema. "Juu ya kifua yake hakuuliza kitu."