Shuka Lililofungwa Nyuma ya Baiskeli

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu kwa zaidi ya miaka ishirini nimewafundisha watoto wa watu kwamba mkosaji aanze na kosa, si na maelezo. Zamu yangu ilipofika, nilianza na maelezo. Ndiyo maana leo naandika bila jina.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bariadi, na ni mlezi wa nidhamu. Wanafunzi wangu, wa zamani na wa sasa, wananijua kwa adhabu moja. Mwanafunzi akimpita mtu mzima bila kumsalimu, simchapi wala simfokei. Namwambia: "Rudi ulikotoka, upite tena." Atarudi hadi pale alipokuwa kabla hajamwona mtu yule, aje upya, asimame, asalimie, kisha asubiri kuitikiwa. Wapo walioniita katili. Niliwajibu kwamba jamii isiyosalimiana ni soko lisilo na mizani. Sentensi hiyo niliipenda mno. Laiti ningeipenda kidogo!

Nilipofikisha miaka arobaini na saba niliingiwa na jambo. Wanaume wengine katika umri huo huongeza mke au hununua pikipiki. Mimi nilijiandikisha katika mashindano ya michezo mitatu mfululizo: kuogelea karibu kilomita mbili ziwani Kalemela, kuendesha baiskeli kilomita tisini hadi Bariadi, kisha kukimbia kilomita ishirini na moja kuuzunguka mji. Yote kwa siku moja, na kwa hiari yako!

Kuogelea nilikuwa sijui. Nilijifunza kwenye lambo, ng'ombe wakishamaliza kunywa, nikisimamiwa na daktari mmoja wa mifugo, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Kilimanjaro. Nitamwita Daktari. Wafugaji walikaa ukingoni wakinitazama nikihangaika. Siku ya tatu mzee mmoja alishindwa kuvumilia.

"Mwalimu, kimepotea nini humo? Sema, tukusaidie kutafuta."

Daktari naye alijiandikisha. Hapo ndipo kiburi kiliponipata. Nilitangaza katika chumba cha walimu, mbele ya mashahidi, kwamba nitamshinda. Yeye ana miaka thelathini na mmoja. Hakuna aliyeniuliza. Nilitangaza tu!

Sasa nikueleze habari ya mama mkwe, maana yeye ndiye niliyemkosea.

Anaishi Sapiwi, si mbali na barabara ambayo mashindano yangepita. Kwetu Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani ovyo. Kwa miaka ishirini na miwili tumesalimiana kwa mbali, yeye akiwa upande wa jikoni, mimi nikiwa nimeinamisha macho. Hatujawahi kupeana mkono. Heshima hiyo niliisifu hata darasani, nikiwaonyesha vijana kwamba umbali nao unaweza kuwa upendo.

Wiki moja kabla ya mashindano, mke wangu aliniambia, "Mama amesikia utapita. Anataka kuja barabarani akuone."

"Mama? Barabarani?"

"Anasema hajawahi kuona mkwe wa mtu akitimua mbio na hakuna ng'ombe aliyeibwa."

Nilimkumbusha habari ya vazi. Vazi la mashindano yale ni jeusi, linabana kuanzia shingoni hadi juu ya magoti, na halina siri. Mkwe hawezi kusimama nalo mbele ya mama mkwe. Mke wangu hakubishana. Alifungua sanduku, akatoa shuka ambalo mama yake alinipa siku tulipomaliza mambo ya mahari, jeusi lenye mistari myekundu, akalikunja na kulifunga kwa mpira nyuma ya tandiko la baiskeli.

"Ukikaribia njia panda ya Sapiwi, teremka, jifunge hili, msalimie, panda uende zako. Dakika moja haiishi."

Nikaahidi. Kwa mdomo huu huu unaowaambia wengine watimize ahadi!

Siku ikafika. Ziwani nilitoka hai. Waliokuwa ufukweni walipiga makofi, nadhani kwa mshangao. Daktari alikuwa ametangulia zamani, lakini karibu na Lamadi nilimkuta kando ya barabara akiziba pancha. Alinipungia mkono, nami nikampungia. Moyoni nilimshukuru Mungu kwa msumari ule. Hilo nalo naliungama.

Kuanzia hapo sikuyaona mashamba ya pamba wala vilima. Niliona nyuma tu. Kila baada ya muda niligeuza shingo, na kila nilipoigeuza, kofia nyekundu ya Daktari ilikuwa imekaribia zaidi.

Saa nne kasoro nikaiona njia panda ya Sapiwi. Kinamama kama kumi na wawili walikuwa wamejipanga kando ya lami. Nyuma yao, amejitenga kidogo kama desturi inavyomtaka, alisimama mama mkwe wangu. Alivaa kitenge cha sikukuu. Mikononi alishika kibuyu cha maziwa ya mgando.

Fikiria jambo hilo! Mwanamke ambaye kwa miaka ishirini na miwili hakupata kunikaribia, alikuwa ametoka nyumbani kwake asubuhi, akawakusanya majirani, akaja kusimama juani kwa ajili yangu.

"Ndiye! Ndiye huyo Mwalimu!" mmoja wao akapaza sauti, na vigelegele vikaanza.

Niligeuza shingo. Kofia nyekundu.

Niliinamisha kichwa hadi kidevu kikakaribia usukani, nikakanyaga pedali kwa nguvu zote nilizopewa na Muumba. Vigelegele vilikatika katikati, kama redio iliyoishiwa betri. Kisha, katika kimya kile, nikasikia sauti moja, wala haikupazwa.

"Mwangaluka."

Hiyo ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Yeye ndiye aliyeanza! Mkubwa alimwanza mdogo, mama mkwe alimwanza mkwe, kwa sababu alidhani sijamwona.

Nilimwona. Nilimsikia. Sikuitikia.

Yaliyofuata yana haki kamili ndani yake, kwa hiyo sitayalalamikia. Baiskeli niliimaliza mbele ya Daktari. Katika kilomita ya nane ya mbio za miguu, nilisikia mtu akicheua nyuma yangu.

"Mwalimu," akasema Daktari, akiwa sambamba nami, "yule mama anakusalimu."

"Mama gani?"

"Wa kibuyu. Nilisimama kumwamkia, akaninywesha maziwa. Mwamuzi wa pikipiki akanipa adhabu ya kusimama dakika tano, eti nimepokea msaada wa nje. Lakini maziwa yale, Mwalimu! Ameniuliza kama unaumwa."

Akanipita. Alipita taratibu, kama mtu anayekwenda dukani. Mimi nilimaliza nyuma yake, nikavishwa medali ambayo kila aliyemaliza alivishwa.

Hadi hapo, rafiki yangu, kosa lilikuwa moja, na mtu angeweza kulifuta kwa kupanda gari siku ileile na kwenda Sapiwi. Mimi nililijengea ghorofa.

Wiki mbili baadaye tulikuwa na kikao cha ukoo huko Sapiwi. Binti yetu mkubwa, Nyamizi, alikuwa ameposwa, na sherehe ilipangwa baada ya pamba kuvunwa. Kabla ya mazungumzo, baba mkwe aliniuliza kwa upole ni jambo gani lililotokea siku ile barabarani. Nikasimama. Nilipaswa kusema maneno matatu: nilitaka kumshinda Daktari. Badala yake nilitoa hotuba.

Niliwaambia wazee kwamba vazi langu halikuwa na staha. Nikasema kuna heshima ya kusimama na kuna heshima ya kupita, na kwamba mkwe mwenye adabu huona afadhali alaumiwe kwa kupita kuliko kusimama uchi mbele ya mama mkwe. Nilisema nilipita nikiwa na uchungu, kwa ajili ya mila zetu. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja akasema, "Hayo ndiyo mafunzo." Nami, Mungu anisamehe, nilianza kuyaamini maneno yangu!

Ndipo sauti ya mama mkwe ikatoka mlangoni mwa jikoni.

"Na lile shuka nililompa, lililofungwa nyuma ya baiskeli, lilikuwa linakwenda wapi?"

 Mzee aliyekuwa akitikisa kichwa alikiacha pale kilipofika. Mke wangu alitazama mikono yake. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba aliyesimama kando ya barabara humwona mpita njia pande zote mbili, akija na akienda.

Jioni tulipoaga, nilitoa salamu kuelekea jikoni. Haikuitikiwa. Kwa mara ya kwanza maishani nilijua jinsi salamu inavyokuwa ikikosa pa kutua.

Mwezi ukapita. Mke wangu akampigia mama yake simu kumweleza siku ya kuja kumbariki mjukuu wake. Jibu lilikuwa fupi: "Nyumba ambayo mwenye nyumba hanijui, nimwendee nani?" Binti yetu alilisikia jibu hilo, kwa sababu alikuwa amekaa pale pale. Hakulia wala hakunilaumu. Aliinuka akaenda kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Baadaye akamwambia mama yake kwamba bila bibi hakuna harusi, na posa irudishwe.

Habari mjini kwetu haziulizi njia. Wiki ileile, msichana wa kidato cha tatu alinipita langoni mwa shule akiwa mbioni, bila salamu. Nikamsimamisha. Nikafungua kinywa kusema maneno yangu yaleyale. Akaniwahi, kwa adabu zote, mikono nyuma.

"Samahani Mwalimu, nilikuwa kwenye mashindano."

Sikumwadhibu. Ningemwadhibu kwa mamlaka ya nani?

Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nitamtumia mama barua ya kuomba radhi. Nilikuwa nimekwisha kuitunga kichwani. Ilikuwa na aya nne na methali mbili. Mke wangu alikuwa akichambua maharage. Hakuinua uso.

"Adhabu yako unaijua, baba Nyamizi. Umewapa watoto wa watu miaka ishirini."

"Adhabu ipi?"

"Rudi ulikotoka. Upite tena."

Jumamosi ile nilipakia baiskeli kwenye basi hadi Kalemela. Nilisimama ufukweni, nikalitazama ziwa. Kuogelea sikuogelea, hata mlezi wa nidhamu ana mipaka. Nilivaa suruali ya kazi na shati la mikono mirefu, nikalifunga shuka nyuma ya tandiko kama lilivyofungwa siku ile, nikaanza kuendesha. Hakukuwa na mwamuzi, wala maji ya kugawiwa, wala kofia nyekundu nyuma yangu. Wenye maduka ya Lamadi waliniuliza mashindano ni lini. Niliwajibu kwamba yamekwisha, na kwamba mimi ndiye bado.

Nilipoikaribia njia panda ya Sapiwi, walikuwepo. Mke wangu alikuwa ametoa taarifa. Kinamama walewale kumi na wawili, kimya. Na nyuma yao, mbali kidogo, kitenge kilekile.

Niliteremka. Nilijifunga shuka juu ya suruali, ingawa halikuhitajika. Nilichuchumaa kando ya lami, nikainamisha macho.

"Mwangaluka, mayu."

Mayu ni mama. Nilisubiri kuitikiwa. Gari moja likapita, kisha pikipiki mbili. Nilitambua kwamba kwa miaka yote ile sikuwahi kuwaza jinsi muda huo ulivyo mrefu kwa aliyechuchumaa.

"Wewe ni nani?" akauliza.

Nikataja jina langu, la baba yangu, na ukoo wetu, kama mgeni.

"Na siku ile ulikuwa nani?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Nikayaacha yote.

"Nilikuwa mtu anayemkimbia Daktari, mayu. Shuka nilikuwa nalo. Nilikuona, na nilikusikia."

Mmoja wa kinamama alicheka, akajiziba mdomo, halafu wakacheka wote. Yeye hakucheka. Aliwaacha wamalize.

"Mwangaluka," akaitikia.

Kibuyu kilipita mkono kwa mkono hadi kikanifikia. Niliwapa mgongo, kama desturi inavyomtaka mkwe, nikanywa. Daktari alisema kweli kuhusu maziwa yale.

"Haya, panda uende," akasema mama mkwe. "Wenzako wamekuacha siku nyingi. Na mjukuu wangu mwambie nakuja."

Binti yetu ameolewa. Bibi yake alimbariki, akiwa upande wa jikoni. Adhabu ile sijaifuta shuleni, ila sasa nikiitamka sauti yangu hushuka kidogo, na wanafunzi wanajua kwa nini.

Ninyi mnaofundisha, mnaohubiri, mnaokaa mbele kwenye vikao, nawaonya kwa yaliyonikuta. Kukosa ni kubaya, lakini kulivika kosa vazi la heshima ni kubaya zaidi, kwa sababu heshima yenyewe ndiyo itakayokuja kukuuliza. Ukikosa, sema ulichotaka. Usitoe hotuba! Shuka lililofungwa nyuma ya baiskeli huonekana na kila mtu, isipokuwa yule anayeiendesha.